Somo la Mazishi Nalo Liruhusiwe Kulia

Baba alipofariki, parokia yetu ya Kikatoliki ilitupa karatasi moja ya masomo ya Biblia ya kuchagua kwa Misa ya mazishi. Ilikuwa namba tupu za vitabu, sura na mistari: Hek 3:1-9 (Hekima), Rum 6:3-9 (Warumi), Yn 14:1-6 (Yohana, penye makao mengi), hivyo hivyo hadi chini. Kaka yetu mkubwa alikuwa na simu sikioni akishughulikia jeneza. Akaitupia jicho, akasema, "Wekeni ile ya Hekima na ile ya makao mengi, tumalize." Mdogo wetu wa kike hakumjibu. Alikwenda kuchukua Biblia, akafungua Maombolezo sura ya 3, akaanza kusoma kwa sauti kuanzia mstari wa 17, pale mwombolezaji anapolalamika kwamba nafsi yake imewekwa mbali na amani hata amesahau mema yalivyo. Kaka akashusha simu. Hakuna aliyesema neno, lakini somo la kwanza lilikuwa limeshapatikana.

Tangu siku ile ninaamini kwamba tunakosea tunapoyageuza masomo ya mazishi kuwa wasifu wa marehemu. Tunatafuta mistari inayomsifu. Tunaikimbia inayolia.

Chukua Hekima 3, inayosema roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu. Ni somo zuri mno, na kuna watu walioishi hivyo kweli. Lakini mara nyingi huchaguliwa kama cheti cha utakatifu, na waliokaa kwenye mabenchi wanayajua maisha ya marehemu. Mke aliyeteswa naye anasikiliza. Vivyo hivyo maneno ya Paulo ya kupiga vita vizuri na kuumaliza mwendo, katika barua ya pili kwa Timotheo sura ya 4: Paulo aliyasema juu yake mwenyewe. Orodha ya kawaida ya Misa za wafu imeichagulia barua hiyo sura ya 2, mstari wa 8 hadi 13, ambapo uaminifu unaotajwa mwishoni ni wa Kristo, sisi tukiwa hatuna huo. Kwangu huo ni uchaguzi wenye hekima kubwa.

Kanisa halitudai tumtangaze mtu mwema. Linatuita tumwombee. Ndiyo maana mwongozo wa Misale, kitabu cha sala za Misa, unataka mahubiri mafupi kwenye Misa ya mazishi, na unakataza yasigeuke kuwa hotuba ya sifa. Na ndiyo maana orodha ina 2 Wamakabayo 12:43-46, somo ambalo familia nyingi huliruka. Yuda Makabayo, kiongozi wa vita wa Wayahudi, anachangisha fedha na kuzipeleka Yerusalemu, ili sadaka itolewe kwa ajili ya dhambi za askari wake waliouawa. Rudi nyuma hadi mstari wa 40 uone ni askari gani: chini ya nguo zao zilikutwa hirizi za miungu ya kigeni. Wenzao walizikuta, wakawaombea hata hivyo. Kama mnamzika mtu aliyewaachia maswali, hilo hapo ni somo lenu. Na kama kifo chenyewe kilikuwa cha namna ambayo watu wanaogopa kuitaja, someni Warumi 8, pale Paulo anapokana kwamba mauti au uzima vinaweza kututenga na upendo wa Mungu.

Najua hoja ya upande wa pili. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliagiza ibada ya mazishi ioneshe waziwazi zaidi kwamba kifo cha Mkristo ni cha kipasaka, yaani kushiriki kifo na ufufuko wa Kristo, na ibada mpya ikatolewa mwaka 1969. Kwa hiyo, wanasema wengine, tusome ufufuko, tusilie. Lakini Pasaka ina Ijumaa Kuu ndani yake. Orodha hiyohiyo imeweka kifo cha Yesu msalabani kutoka Marko 15.

Angalieni pia jinsi Yohana 11, habari ya Martha na Mariamu waliofiwa na ndugu yao Lazaro, ilivyogawanywa katika Injili mbili za kuchagua. Katika 17-27 Martha anamwambia Yesu, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa," naye anajibiwa kwa neno la ufufuko na uzima. Katika 32-45 Mariamu anasema maneno yaleyale kabisa, na safari hii Yesu hatoi fundisho. Anauliza mmemweka wapi. Kisha analia machozi. Dada wawili, kilio kimoja, na kila mmoja amepewa alichohitaji. Kabla ya kuchagua, jiulizeni nyumbani kwenu mna akina Martha wengi au akina Mariamu.

Ombi langu kwa maparokia ni dogo: wapeni wafiwa maandishi kamili, si namba. Padre akae nao hata nusu saa wasome pamoja. Atawaeleza yaliyobaki, kwamba kabla ya Injili laweza kusomwa somo moja au mawili, kwamba kipindi cha Pasaka somo la kwanza hutoka Agano Jipya, kwamba Kwaresima shangilio la kabla ya Injili halina Aleluya.

Na awepo msomaji wa akiba. Mdogo wetu alisisitiza asome mwenyewe. Kaka alisimama hatua moja nyuma yake karibu na mimbari, tayari kupokea. Alipofika mstari wa 20 sauti ilikatika, akashika kingo za mimbari kwa mikono miwili. Kanisa zima lilimngoja. Kaka naye alingoja, hakusogea. Kisha mdogo wetu akaendelea, polepole, hadi kwenye rehema ambazo ni mpya kila siku asubuhi.