Mzee, Mota na Mbio za Vijiti

Muuzaji aliniapia kwamba lenzi ile inaingia kwenye Nikon yoyote, na kweli iliingia. Ilikuwa AF 70-300, yaani ya kuvuta vya mbali na kufokasi yenyewe, milimita 70 hadi 300, imetumika lakini safi, na kamera yangu ni D3500. Nikaizungusha, ikalia "ta!" Nikapiga picha ya mawingu pale pale mlangoni, yakatoka kama mawingu. Ningejuaje?

Dada alikuwa ameshautangazia ukoo mzima: binti yake anakimbia zamu ya mwisho kwenye mbio za kupokezana vijiti, kila mtoto mita 400, na "kaka anakuja na lenzi ya maana."

Uwanjani nikabonyeza kitufe nusu. Kimya. Ile lenzi ndogo iliyokuja na kamera huwa inaguna kidogo, halafu picha inatulia. Hii haikuguna. Nikazima, nikawasha, nikachomoa betri, nikapuliza, nikafuta kwa shati. Kamera haikugoma hata kidogo. Kila nilipobonyeza ilinipigia picha kwa adabu zote, ukungu mtupu.

"Kijana, hebu lete hiyo lenzi," akasema mzee mmoja aliyesimama karibu, naye kamera shingoni. Akaichomoa mwenyewe, akaigeuza nyuma. Pembeni mwa ile pete ya chuma palikuwa na kichwa kidogo cha skrubu, kimechongwa mfereji katikati.

"Hiki kinazungushwa na bisibisi ya kamera. Sasa nionyeshe bisibisi."

Nikachungulia mdomo wa kamera yangu. Hakuna bisibisi. Hakuna hata tundu lake.

Filimbi ikalia, watoto wakatimka. Mzee naye akaanza, mwaka 1959.

"Mdomo huu Nikon hawajaubadilisha tangu 1959. Ndiyo maana lenzi ya zamani inakaa kwenye kamera kama yako." Kijiti cha kwanza kikapokelewa. "1986 wakatoa kamera ya F-501. Mota ikawa ndani ya kamera, inasukuma bisibisi, bisibisi inazungusha lenzi."

"Mzee wangu, naomba lenzi."

"Tulia. 1996 zikaja lenzi za AF-S, kubwa kubwa za wataalamu. Hizo mota iko ndani ya lenzi yenyewe." Kijiti cha pili. Dada akaanza kuruka. "Halafu 2006 ikaja D40, kamera ndogo ya wanaoanza. Bisibisi wakaitoa kabisa, na ya kwako ni ukoo huo huo. Kwa hiyo lenzi yako inangoja kuzungushwa na kamera, na kamera yako inangoja lenzi ijizungushe. Ungetafuta yenye AF-S, au AF-P, nayo ina mota ndani."

Kijiti cha tatu kilikuwa kimeshapokelewa na mpwa wangu yuko kwenye kona ndipo nikarudishiwa mali yangu.

"Zungusha kwa mkono! Chini kushoto kuna kidoti cha kijani, kikitulia, bonyeza!"

Kwa kihisi kidogo cha kamera hizi, milimita 300 inaona finyu kama 450. Nikitafuta mtoto napata mti. Nikiacha mti napata sikio la mtu. Pete ya kufokasi iko mbele kabisa, nyembamba, na kila kidoti kilipotulia mtoto alikuwa ameshapita. Alipoukata utepe nilibonyeza tu, roho mkononi.

(Muuzaji nilimfuata baadaye. Akasema niliuliza kama inaingia, sikuuliza kama inafokasi. Sikuwa na la kumjibu, nikaongeza hela nikachukua AF-S.)

Picha moja ilitoka safi, na ni ya mwamuzi. Mdomo wazi, saa mkononi, namba za saa zinasomeka moja moja, masharubu unaweza kuyahesabu. Pembeni kabisa, kiwiko.

"Mjomba, mimi niko wapi?"

"Si hicho hapo?"

Akakitazama kiwiko chake muda mrefu. "Lakini nilikuwa wa kwanza."

"Ndiyo, ni kiwiko cha mshindi."

Dada hakusema neno. Alikuwa ameshaahidi picha, akaituma kwa ukoo hivyo hivyo. Mwamuzi akaja kuiomba, akasema hajawahi kupigwa picha nzuri namna ile maishani mwake. Jioni shangazi akajibu. Kuhusu mtoto hakugusia. Aliuliza yule baba mwenye saa ni nani, na kama ameoa.