Msiniuzie Ruta, Nipunguzieni Kanuni

Juzi alinijia mtaalamu kutoka Mombasa. Alipanda boti Mokowe, akashuka jetini kwetu Lamu na begi lake la ngozi, akaitazama ruta yangu, kile kisanduku kinachowagawia wateja intaneti, dakika tano, akanywa kahawa yangu vikombe vitatu, kisha akatoa hukumu: "Ami, mashine hii imechoka. Nunua kubwa zaidi." Akaniachia karatasi ya bei. Pesa zile ningenunua punda wawili, na mashua ya kuwavushia ikapatikana.

Siku ya tatu leo, hasira haijanitoka.

Mtandao wetu wa intaneti ulianza na nyumba thelathini za Langoni, nyaya zikipita juu ya madari ya watu kwa hisani yao. Kila mteja nikamwandikia kanuni mbili za iptables, mkaguzi wa Linux anayetazama kila pakiti (kipande cha data) inayopita, ya kupakia na ya kupakua: pakiti yake ipigwe alama, kisha tc, msimamizi wa foleni na kasi, aisome alama ile na kuipeleka pakiti kwenye foleni ya mwenyewe, kwa kasi aliyolipia. Kwa nini alama, kwa nini tc asisome anwani tu? Kwa sababu pakiti ikifika mlango wa nje, NAT, inayowapa wateja wote anwani moja ya nje, imeshaivua anwani yake. Wote wanatoka wamevaa kanzu moja. Utamjua nani ni nani?

Wateja wakafika mia nne. Nami, kwa uvivu wangu, nikawa nanakili na kubandika. Kanuni mia nane, zimepangwa moja chini ya nyingine. Saa mbili usiku, watu wameshatoka Isha na kila mmoja kafungua video, prosesa, ubongo wa ruta, inagonga asilimia mia ilhali laini haijajaa hata nusu.

Jamani, hesabu hii ni ya darasa la sita. Laini ya megabiti 100 ikijaa pakiti kubwa za baiti 1,500 inapitisha pakiti kama 8,300 kila sekunde. Zidisha kwa kanuni 800: ulinganisho zaidi ya milioni 6 kwa sekunde, na pakiti zikiwa ndogo ndiyo balaa. Tena msidhani mteja wa kwanza kwenye orodha ana nafuu. MARK, amri ya iptables ya kupiga alama, haisimamishi safari. Pakiti ikishapigwa alama inaendelea kushuka, inaulizwa kanuni zote zilizobaki kama ni yake, na jibu tunalo tangu juu! Askari ameshakutambua, ameshakupa cheti, bado anakusomea majina ya abiria wote wa boti. Ningenunua ruta ya mtaalamu, mwakani wateja wakizidi ningemwita tena na begi lake. Labda ndiyo biashara yenyewe.

Dawa yake ilikuwepo, na ni ya bure. nftables, mrithi wa iptables, imo kwenye kerneli (kiini) ya Linux tangu toleo la 3.13, Januari 2014. Unaandika jedwali moja, anwani upande huu, alama upande ule, halafu kanuni moja tu ya kupakia na moja ya kupakua: tafuta anwani hii jedwalini, piga alama uliyoikuta. Muuza duka anayejua daftari la deni lako liko rafu gani haanzi kusoma madeni ya mji mzima. Wawe wateja mia nne au elfu nne, kutafuta ni kule kule. Na upande wa tc, kichujio cha fw, kinachopanga pakiti kwa alama zake, ukikiweka bila namba yoyote, kinaichukua alama yenyewe kuwa ndiyo namba ya foleni. Vichujio mia nne vyote nikavifuta, kikabaki kimoja kwa kila mlango.

Walioganda na iptables wana ipset, jedwali la anwani la kuunganishwa na iptables, nayo inabeba alama. CONNMARK, inayokumbuka alama ya muunganisho mzima, inasaidia pia, ila orodha ndefu inabaki pale pale kwa kila muunganisho mpya.

Najua mtaniambia nitumie CAKE, mpangaji wa foleni wa kisasa, imo kerneli tangu 4.19 ya mwaka 2018, inagawia kila nyumba kwa haki bila alama yoyote. Inagawa sawa, sikatai. Wateja wangu hawalipi sawa.

Haya, na nikiri jambo moja: ruta yenyewe ni kuukuu, chumvi ya bahari imeila kila upande, na iko siku nitaibadilisha. Lakini tangu nilipopunguza kanuni, saa mbili usiku prosesa imetulia kama baraza la mchana wa Ramadhani.

Sikufika hapo bila aibu. Alama niliziandika kwa namba zetu za kawaida, nikasahau kwamba tc huzisoma namba za foleni kwa heksadesimali, hesabu ya kumi na sita kumi na sita badala ya kumi kumi. Foleni niliyoiita 100, kwake yeye ni 256. Wateja wakavaliana foleni usiku kucha. Bibi mmoja wa Mkomani, mwenye kifurushi kidogo kuliko vyote, akaangukia foleni ya nyumba ya wageni ya Shela. Asubuhi nikarekebisha. Tangu siku ile kila akiniona kichochoroni ananisimamisha: "Mwanangu, ile intaneti ya usiku ule mumempa nani?"