Kadafi Aliyeishiwa Angani

Mimi ni Kadafi. Ndivyo tunavyoitwa sisi tunaouza esansi, yaani petroli, kwa chupa na bidoni kando ya barabara hapa Lubumbashi. Nina mteja mmoja, patroni mwenye shamba Pweto na ndege ndogo ya kwake, Cessna 172. Gari lake huzimika mbele ya meza yangu mara mbili kwa wiki. Hilo lingenitosha, ila nilikuwa namdai lita 60, na aliposema, "Panda twende Pweto, tutahesabiana," nikavaa koti.

Kwenda, raha tupu. Kurudi, upepo wa kiangazi wa kusini-mashariki unatusukuma nyuma.

"Patroni, esansi iko?"

Akagonga kioo cha geji kwa kidole. Sindano ikaruka kidogo. "Si unaona? Iko."

Mimi sindano siiamini, hata ya daktari. Sisi tunachovya kijiti. Na rubani wa ndege ndogo naye kabla ya kuruka hupanda kwenye bawa, akafungua kifuniko, akachovya kijiti chake tankini. Patroni sikumwona akipanda popote. Nilimwona akila samaki.

Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, bado mbali, injini ikakohoa. Kikohozi hicho nakijua, ndicho kinachosomesha watoto wangu. Patroni akageuza valvu, tanki la kushoto, la kulia. Kimya. Propela inazungushwa na upepo tu, kama ya mtoto wa shule.

"Usiogope, hii haianguki kama jiwe. Ikishuka mita 1, inakwenda mbele kama mita 9."

Nikachungulia. Mita zote 9 zilikuwa na vichuguu, vile vyetu vya Katanga, kimoja kinazidi nyumba.

Tukatua kwenye barabara ya Kasenga. Tulidunda mara tatu, mbuzi wakahama kijiji. Watoto wakatuzunguka, mmoja akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema mwalimu.

Esansi ya chupa ndege ile haiitaki. Ina yake, ya buluu. Ikabidi kijana wa pikipiki aifuate mjini, naye tanki lake kavu. Patroni akajipapasa mifuko. "Lipa wewe, tutahesabiana."

Kadafi wa kijiji akaleta kopo la kupimia. Nikaligeuza: kitako kimebonyezwa kwa ndani, kwa ustadi, kama langu la nyumbani. Nikalipa lita tano, zikaingia nne. Kwa patroni nimeandika 65.