Paris, Julai 2014: Marufuku Haikuzima Moto, Wala Si Yenyewe Iliyouwasha

Jumapili ya tarehe 20 Julai 2014, katika mtaa wa Shuja'iyya mashariki mwa mji wa Gaza, Wapalestina zaidi ya 60, pamoja na wanajeshi 13 wa Israel, waliuawa katika vita vya Israel na Hamas. Alasiri ya siku hiyohiyo, huko Sarcelles, kitongoji kilicho kaskazini mwa Paris, kundi la vijana lilichoma duka la vyakula la Myahudi, likachoma na duka la dawa, kisha likaelekea kwenye sinagogi, ambako polisi waliwazuia. Mwenye duka lile hakuwa amerusha bomu popote. Na maandamano ya kuitetea Gaza yaliyokuwa yamepangwa hapo Sarcelles yalikuwa yamekwisha kupigwa marufuku.

Tangu siku hiyo, kila maandamano ya Palestina au ya Israel yanapoishia kwa ngumi na mabomu ya machozi, Sarcelles hutajwa. Wanaopenda mkono mgumu wa dola husema: mmeona kwa nini yalikatazwa? Wanaotetea haki ya kuandamana hujibu: mmeona kukataza kumezaa nini? Hoja zote mbili nimezisikia mara nyingi, na kila mmoja anaitoa kwa uhakika kama vile alikuwapo. Nikizipanga tarehe za mwezi ule moja baada ya nyingine, naona kila upande umeruka siku moja isiyoupendeza.

Siku wanayoiruka wapinga marufuku ni tarehe 13 Julai. Maandamano ya siku hiyo hayakukatazwa. Maelfu ya watu walitoka Barbès, mtaa wa wahamiaji wa Afrika Kaskazini na Afrika Magharibi, wakatembea hadi uwanja wa Bastille. Njiani mambo yalikuwa shwari kwa sehemu kubwa. Mwishoni, kundi dogo likajitenga likaenda kwenye sinagogi la barabara ya Roquette, hatua chache kutoka pale, wakati ndani mna waumini. Kilichofuata kinabishaniwa hadi leo. Video zinaonyesha pia vijana wa LDJ, kikundi cha Kiyahudi kinachojulikana kwa kupenda ugomvi, wakirusha viti na kushika fimbo. Kiongozi wa sinagogi lenyewe alisema baadaye kwamba hakuna kitu kilichorushwa kikaligonga jengo. Sawa. Lakini kundi hilo lilifuata nini mlangoni pa nyumba ya ibada? Ubalozi wa Israel hauko Roquette. Hata ikithibitika kwamba LDJ ndio waliotangulia kurusha ngumi, swali hilo linabaki pale pale.

Ukitaka kuelewa kwa nini Wayahudi wa Ufaransa hawakuweza kulichukulia jambo hilo kama utovu wa nidhamu wa vijana, rudi nyuma miaka miwili tu. Machi 2012, mjini Toulouse, mtu mwenye bunduki aliingia shule ya Kiyahudi akaua mwalimu na watoto watatu. Mei 2014, wiki chache kabla ya vita, watu wanne waliuawa kwenye Jumba la Makumbusho la Wayahudi mjini Brussels. Mtu aliyezika watoto hasubiri kuona kama jiwe limelenga dirisha au limekosea.

Kwa hiyo serikali ya François Hollande, Manuel Valls akiwa waziri mkuu, ikakataza maandamano yaliyopangwa tarehe 19 Julai kuanzia Barbès. Waandaaji wakaenda mahakamani, wakashindwa. Na hapa nitoke kidogo nje ya mstari. Sheria ya Ufaransa kuhusu maandamano ina mzizi katika amri ya mwaka 1935, iliyotungwa baada ya ghasia za Februari 1934 zilizomwaga damu katikati ya Paris. Haisemi uombe kibali. Inasema utoe taarifa, si chini ya siku tatu kabla, wala si zaidi ya siku 15; mwenye mamlaka akiona hatari kwa usalama wa umma ndipo anaweza kukataza. Msomaji wa Nairobi atatabasamu, maana sheria ya Kenya inataka taarifa kati ya siku 3 na 14, na anajua vizuri jinsi neno "taarifa" linavyoingia ofisi ya polisi likatoka limegeuka "ombi". Paris nako ni hivyo hivyo, ila huko jaji hufikiwa upesi zaidi.

Watu walikuja Barbès hata hivyo. Wakapigana na polisi, mawe upande mmoja na mabomu ya machozi upande mwingine, hadi jioni. Kesho yake ikawa Sarcelles.

Mpaka hapo mtetezi wa marufuku anaweza kusema kwamba watu waliokuja licha ya katazo walikuja kwa shari. Ndiyo maana siku anayoiruka yeye ni tarehe 23 Julai. Siku hiyo maandamano yaliruhusiwa, yakatoka Denfert-Rochereau hadi Invalides, maelfu ya watu, vita vilevile, hasira ileile, siku tatu tu baada ya Shuja'iyya. Yakaisha kwa amani. Siku tatu baadaye, tarehe 26, mkusanyiko wa uwanja wa République ukakatazwa, Baraza la Dola, mahakama ya juu kabisa ya mambo ya utawala, likaunga mkono katazo hilo, na vurugu zikarudi.

Je, basi ruhusa ndiyo dawa? Ingekuwa rahisi kusema hivyo kama isingekuwepo tarehe 13, iliyoruhusiwa na bado ikaishia mlangoni pa sinagogi. Ukilinganisha siku mbili zilizoruhusiwa, tofauti haiko kwenye karatasi ya polisi. Njia ya tarehe 13 iliishia Bastille, jirani na mitaa yenye masinagogi. Njia ya tarehe 23 ilipita ng'ambo nyingine ya mto, mbali na masinagogi hayo. Waandaaji wa safari hii, vyama vya mrengo wa kushoto na vya wafanyakazi, waliweka watu wao wenyewe wa kulinda msafara, watu waliozoea kazi hiyo kwenye migomo na Mei Mosi, wanaojua kumshika bega kijana aliyefunika uso na kumwambia, wewe, kaa huku. Marufuku humwondoa mtu huyo kwanza. Mzee wa chama cha wafanyakazi na mama aliyekuja na watoto hutii katazo, wakabaki nyumbani. Anayebaki barabarani ni yule ambaye katazo kwake ni mwaliko.

Huu ndio upande ninaouegemea, lakini sitaki kuufanya mwepesi kuliko ulivyo. Mkuu wa polisi anayejua kilichotokea Roquette, halafu akaruhusu tena kutokea Barbès wiki moja baadaye, angejibu nini kama mtu angekufa ndani ya sinagogi? Hoja ya usalama haikuwa kisingizio kitupu. Na Sarcelles polisi walikuwepo kwa wingi kwa sababu mkusanyiko ulikuwa umekatazwa na wakatarajia shari. Sinagogi halikuungua. Inawezekana kabisa kwamba bila maandalizi yale lingeungua.

Kinachonisumbua zaidi ni utetezi uliotoka kwa baadhi ya marafiki wa Palestina baada ya moto: kwamba waliochoma ni wahuni tu, hawahusiani na maandamano. Nusu yake ni kweli. Lakini wahuni hao walichagua. Sarcelles kuna maduka mengi, na Wayahudi wake wengi ni watu waliotoka Tunisia na Algeria, majirani wa miaka mingi wa Waarabu wa kitongoji hichohicho. Waziri wa mambo ya ndani, Bernard Cazeneuve, alisema kwamba kuchoma duka kwa sababu mwenyewe ni Myahudi ni kitendo cha chuki dhidi ya Wayahudi. Sioni cha kupunguza wala cha kuongeza. Kosa la serikali yake lilikuwa kuwapa waliotembea kwa amani jina la wale waliochoma. Samaki mmoja akioza wote wameoza, tunasema, lakini watu si samaki wa tenga moja; kila mmoja alikuja kwa miguu yake na anaweza kuhukumiwa peke yake.

Sisi wenye Kiswahili tuna la kujitazama hapa. Kwenye baraza zetu na kwenye simu zetu mtu husema "Mayahudi wamepiga Gaza" akimaanisha jeshi la Israel, bila kusita. Ni mazoea ya ulimi tu, mtu ataniambia. Lakini ndiyo mazoea hayohayo, kwa Kifaransa, yaliyomfanya kijana wa Sarcelles aone rafu za unga na mafuta ya kupikia kama kambi ya adui. Upande wa pili nao una mchanganyo wake: mhubiri anayesoma "Waisraeli" wa kitabu cha Kutoka, kisha akafungua habari za jioni akawaona ni walewale, wanaongozwa na nguzo ya moto ileile, hata mtoto wa Gaza anayechimbuliwa kwenye kifusi asipate nafasi katika hesabu zake. Mmoja ameligeuza taifa kuwa dini, mwingine ameigeuza dini kuwa taifa. Ndiyo maana kwetu mjadala huu hugawanyika msikiti na kanisa kabla mtu hajauliza nini kimetokea.

Wala vurugu hazitoki upande mmoja wa barabara. Tarehe 11 Novemba 2023, London ilikuwa na maandamano ya Gaza ya watu 300,000 kwa hesabu ya polisi. Suella Braverman, waziri wa mambo ya ndani, alikuwa ameyaita maandamano ya namna hiyo ya chuki, na kuwashutumu polisi kwa upendeleo. Mkuu wa polisi, Mark Rowley, akakataa kuyazuia kwa kuwa sheria ilitaka ushahidi wa hatari kubwa ya ghasia, naye hakuwa nao. Siku ilipofika, waliopigana na polisi asubuhi ni wale waliodai wamekuja kulinda mnara wa kumbukumbu ya mashujaa, na wao ndio wengi kati ya watu zaidi ya 100 waliokamatwa. Kulikuwa pia na kikundi kilichojitenga na msafara wa Gaza kikarusha fataki. Braverman alifukuzwa kazi siku mbili baadaye. Na usiku wa tarehe 30 Aprili 2024, katika chuo kikuu cha UCLA mjini Los Angeles, waliovamiwa kwa fimbo na fataki walikuwa wanafunzi waliopiga kambi kuitetea Gaza, na ilichukua saa kadhaa kabla ya polisi kuingilia kati.

Ufaransa yenyewe ilirudia mtihani wake. Tarehe 12 Oktoba 2023, siku tano baada ya shambulio la Hamas, waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Gérald Darmanin, aliagiza maandamano yote ya kuunga mkono Palestina yakatazwe nchi nzima. Safari hii Baraza la Dola halikumfuata kama lilivyofanya 2014. Tarehe 18 Oktoba lilisema maandamano hayawezi kukatazwa kwa sababu tu ni ya Palestina. Mwenye mamlaka wa kila eneo lazima apime kila moja peke yake: njia yake, waandaaji wake, hatari yake. Siku nne baadaye, tarehe 22, maelfu ya watu walikusanyika kihalali mjini Paris na bendera zao. Walikusanyika République, uwanja uleule uliofungwa tarehe 26 Julai 2014.