Askari wa Samora hana benchi

Mwambie mkazi wa Dar es Salaam mkutane Askari, atafika bila kuuliza njia. Muulize maandishi ya chini ya sanamu yanasemaje, ataanza kukuna kichwa. Askari huyo wa shaba amesimama tangu 1927 katikati ya kipilefti cha Samora na Azikiwe, singe yake ikielekea bandarini. Ameandikiwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, ila ukitaka kusoma sharti upenye kati ya magari, na hakuna pa kukaa kumtafakari. Je, tumwekee mabenchi?

Wapo wanaosema abaki hivyo hivyo. Pale anaonwa na kila apitaye, bila kiingilio, na hakuna wa kumtandikia mitumba miguuni. Wengine wanakwenda mbali zaidi: kwa nini tukae kumtafakari askari wa mkoloni? Waingereza waliiondoa sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, kisha wakasimamisha ya kwao. Ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inawasahau wapagazi. Maandishi yale yanawataja nao, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni haohao wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jina ambalo midomo yetu ililigeuza Kariakoo. Askari akapata shaba, mpagazi akaachiwa jina la soko, na humo tunapatana bei kila siku bila kumkumbuka. Mimi ningekaa pale kwa ajili yake, si kwa ajili ya mfalme wa Uingereza.

Unguja mambo ni kinyume. Mkunazini, kwenye uwanja wa kanisa la Anglikana lilipokuwa soko la watumwa hadi 1873, kuna sanamu za watu watano, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs ya 1998, shimoni, minyororo shingoni. Unasimama ukingoni ukiwatazama kwa chini, na sauti inashuka yenyewe. Utulivu huo, hata hivyo, una tiketi mlangoni, na wanaopanga foleni wengi ni watalii. Mtoto wa Mkunazini hapiti pale akitumwa dukani.

Kati ya hizo mbili, bado namchagua Askari wa kipilefti, kwa sababu kasoro yake inatibika kwa bei nafuu. Jumapili Posta huwa kimya. Mabenchi machache yawekwe ng'ambo ya barabara, penye kivuli, na kibao chenye maandishi yale yale kwa herufi kubwa, wapagazi wakitangulia.