China ni Pazuri, Lakini Unahamia kwa Viza Gani?

Siku hizi kila nikifungua simu nakutana na kijana kavaa koti, nyuma yake maghorofa ya Shenzhen yanawaka taa kama ukumbi wa harusi, anatutangazia kwamba Ulaya imekwisha, njooni China. Treni kilomita 350 kwa saa! Noti hazishikwi, unalipa kwa simu! Usiku wa manane unatembea na hakuna wa kukukaba!

Sawa. Yote kweli. Aliyewahi kugombea mwendokasi Kimara asubuhi hana ubavu wa kubishana na metro ya Guangzhou.

Lakini hiyo ni raha ya mgeni, na mgeni anahesabiwa siku. Sensa yao ya 2020 ilikuta wageni 845,697 katika nchi ya watu bilioni 1.4. Hawafiki hata nusu ya watu wa Zanzibar! Hiyo ndiyo nchi unayotaka kuhamia na familia?

Kule hakuna kubeba boksi, jamani. Aliyekwenda Marekani ataosha vyombo, atatunza wazee wa watu, na siku akipata green card, yaani ukaazi wa kudumu, baada ya miaka mitano anaweza kuomba uraia. China kibali cha kazi kinataka digrii, na kwa kawaida uzoefu wa miaka miwili juu yake. Utafundisha Kiingereza? Wataangalia pasi yako ni ya nchi gani kabla hujafungua mdomo. Umeoa Mchina? Hongera sana, ila viza ya familia si ruhusa ya kufanya kazi. Ukitaka ukaazi wa kudumu kwa njia ya ndoa, ndoa iwe na miaka mitano, na miaka hiyo mitano uwe unakaa huko si chini ya miezi tisa kila mwaka, una nyumba, una kipato cha uhakika. Mkiwa Watanzania wawili, mtoto wenu akizaliwa Guangzhou ni mgeni, hata akikitema Kichina kuliko Kiswahili. Ukizidisha siku za viza, faini ni yuani 500 kwa kila siku mpaka zifike 10,000, au unalala mahabusu.

Na Aprili 2020 tusijifanye tumesahau. Waafrika walitimuliwa kwenye nyumba walizolipia kodi, hoteli zikawakataa, watu wakalala barabarani Guangzhou kwa kisingizio cha korona, mpaka mabalozi wa Afrika kule Beijing wakaandika barua ya kulalamika. Treni zilikuwa zinakimbia vilevile.

Najua mtaniambia Marekani ya sasa nayo inakamata watu ovyo. Inakamata. Oman dada zetu wa kazi za ndani wananyang'anywa pasi, na hilo linauma zaidi. Na sisi wenyewe Tanzania mwaka 2025 tumewapiga wageni marufuku kwenye biashara 15, saluni na ufundi simu zikiwemo, Kariakoo ikashangilia. Haya, tusonge.

Wadogo zangu mnaotaka kusoma, ombeni ufadhili wa serikali ya China. Ukipata ule kamili, ada, bweni na posho vimo. Mfanyabiashara, nenda Yiwu, mji wa masoko ya jumla, jaza kontena, rudi. Ila wewe unayetaka kuuza kiwanja cha Mbagala ukaanze maisha China, nitafute kwanza uniambie utaomba viza gani. Na usinijibu ya matembezi.