Tukiikimbia The Hague, Tunakimbilia Wapi?

Anayedai kuwa sheria ya kimataifa ina ubeberu ndani yake hana haja ya kurudi hadi Mkutano wa Berlin wa wakoloni waliogawana Afrika. Azimio namba 1593 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linamtosha. Machi 2005, kwa azimio hilo, Baraza liliipeleka kesi ya Darfur, Sudan, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) iliyoko The Hague, Uholanzi. Sudan haikuwa mwanachama wa Mkataba wa Roma ulioianzisha mahakama hiyo, lakini hata Marekani, Urusi na China, wenye kura ya turufu barazani, hawakuwa wanachama. Ukifika aya ya 6 ndipo unaposhangaa: wanaotumwa Sudan kwenye operesheni zilizoidhinishwa na Baraza au Umoja wa Afrika, ikiwa nchi yao haimo kwenye mkataba huo, watashtakiwa kwao tu. Mkono uleule ulioandika mashtaka ukaandika na kinga.

Hata hivyo, si kila kesi ya Afrika ililetwa na wakubwa. Uganda na Kongo zilijipeleka The Hague zenyewe.

Je, mahakama za kwetu zinaweza? Zinaweza. Hissène Habré, aliyeitawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990, alihukumiwa kifungo cha maisha mjini Dakar Mei 2016, na mahakama maalumu iliyoundwa na Senegal pamoja na Umoja wa Afrika. Ila Habré alikuwa ameshatoka madarakani miaka mingi. Itifaki ya Malabo ya 2014, inayotaka kuipa mahakama ya Afrika meno ya jinai, inawakinga marais walioko madarakani na maofisa wao waandamizi. Ni aya ya 6 tena, safari hii kwa wino wetu.

Mahakama ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliumia zaidi. Mwaka 2008 iliamua kuwa Zimbabwe iliwanyang'anya wakulima mashamba kinyume cha sheria. Harare ikagoma kutekeleza, na 2010 wakuu wa nchi wakaisimamisha mahakama badala ya kuibana Zimbabwe.

Malalamiko dhidi ya The Hague ni ya kweli, ila mara nyingi wanaoyapigia kelele ndio wanaozibana mahakama za kanda. Tanzania, mwenyeji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu jijini Arusha, ilijitoa Novemba 2019 kwenye tamko linalomruhusu mwananchi kuishtaki serikali yake moja kwa moja pale. Rais akianza kuisema ICC kwa ubeberu, mimi hutazama kwanza kama nchi yake imesaini tamko hilo.